Chumvi ya Waingereza na chumvi ya kwetu: usemi mmoja ulionigharimu pauni 600

Na Mwandishi Wetu, Milton Keynes

Ndugu msomaji, kama unaishi Uingereza na unafanya kazi pamoja na wenyeji, bila shaka umeshawahi kuambiwa maneno ambayo kila moja unalijua, lakini ukiyaunganisha huambulii kitu. "Take" unalijua. "Pinch" huenda ulifundishwa shuleni. "Salt" ndiyo kabisa, kila wiki unainunua dukani. Lakini mtu anapokuambia kwamba habari fulani uipokee "with a pinch of salt", unatabasamu na kuitikia kwa kichwa kana kwamba umeelewa, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Mimi nilitabasamu hivyo mwaka 2003. Tabasamu lile lilinigharimu pauni 600.

Maana ya usemi wenyewe ni nyepesi. Ukiambiwa neno ulichukue na chumvi kidogo, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole, unaambiwa usiliamini lote. Lisikilize, usimtukane aliyelisema, lakini weka shaka moyoni mpaka uhakikishe mwenyewe. Vijana wa Dar es Salaam wana maneno yao yanayolingana nalo barabara: akili za kuambiwa, changanya na za kwako. Laiti siku ile ningeambiwa kwa Kiswahili hicho.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo. Sheria iliniruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki, nami saa hizo nilizimalizia usiku katika ghala moja kubwa, nikipanga maboksi ya bidhaa kwenye malori. Wanaoujua mji huu wanajua kwamba maghala hayatuishi. Viza yangu ilikuwa imebakiza kama miezi mitatu, na kila nilipolala nilikuwa nikihesabu siku.

Ndipo alipotokea jamaa mmoja, mwenzetu wa lugha moja, ambaye watu walimwita Wakili ingawa uwakili hakuusomea popote. Aliniambia kwamba kuna utaratibu mpya wa serikali, haujatangazwa bado, ambao mwanafunzi mwenye kazi anaweza kubadilishiwa viza akapewa ruhusa ya kukaa moja kwa moja. Fomu anazo yeye. Ada ni pauni 600, na majibu ni wiki sita. Leo nikiyaandika haya naona aibu, maana utaratibu wa serikali usiotangazwa ni kitu gani? Lakini mtu anayehesabu siku usiku husikia anachotaka kusikia.

Sikukurupuka, hilo naomba nitetewe. Nilitaka ushauri wa mwenyeji. Katika zamu yetu alikuwamo mama mmoja wa Kiingereza, umri wa mama yangu mzazi, aliyekuwa akinigawia keki yake kila tulipokaa kunywa chai saa nane za usiku. Nilimweleza mpango wote, kuanzia fomu mpaka wiki sita. Alikoroga chai yake muda mrefu, akasema, "Well, I'd take that with a pinch of salt, love."

Sasa nifuatilie hapa, msomaji, maana hapa ndipo nilipopotea. Masikio yangu yalishika mwanzo wa sentensi: "I'd take that." Mimi ningelichukua hilo. Nikajiambia, mama wa watu anasema kwamba angekuwa yeye angekubali! Ile chumvi iliyofuata sikuijali sana. Chumvi kwetu ni kitu cha kukoleza. Chakula kizuri hutiwa chumvi kidogo kikawa kizuri zaidi. Nikaona amesema: ni jambo jema, lichukue, na pengine uongeze bidii kidogo kwa upande wako. Na alivyomalizia kwa kuniita "love", basi nilihisi kama nimepewa baraka na shangazi.

Jumamosi ile nikamlipa Wakili ndani ya mkahawa mmoja, noti za ishirini ishirini. Stakabadhi hakunipa, alisema itakuja na barua. Pasipoti yangu aliitaka pia, na nilinusurika kuipoteza si kwa ujanja wangu bali kwa sababu benki walikuwa wameniagiza niende nayo Jumatatu. Nikampa nakala tu.

Wiki ya kwanza simu yake iliita na akapokea. Ya pili iliita, hakupokea. Ya nne ikawa inajibu sauti ya mashine kwamba namba hiyo haipo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Tanga, baharia wa zamani, aliyeingia nchi hii miaka ya 60 kwa meli na hakurudi tena ila kwa matembezi. Nilimkuta kwenye hitima ya jamaa yetu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu, mbona uso umekukunjamana?" Nikamsimulia. Aliposikia kwamba nilitafuta ushauri wa Mwingereza kwanza, alishangaa.

"Hebu nirudilie alivyosema huyo mama. Neno kwa neno."

Nikamrudilia.

Mzee aliweka kikombe chini. "Mwanangu, yule mama alikukanya."

"Kunikanya vipi, mzee wangu, na yeye kasema angelichukua?"

"Kasema angelichukua na chumvi. Yaani bila chumvi asingelimeza. Hawa watu hawakwambii 'huyo mwizi, mkimbie'. Hawamjui, wataogopa kumsingizia. Hukwambia chumvi. Ukisikia chumvi, shika mfuko wako."

Usiku uliofuata kazini nilimweleza yule mama yaliyonipata. Alijiziba mdomo kwa kiganja. "Lakini nilikwambia," alisema. Na ni kweli, aliniambia. Alinipa onyo wazi kabisa kwa lugha yake, nami nililipokea kama ruhusa. Tangu siku hiyo kila wakati wa chai alikuwa akinifundisha semi za kwao, na nyingi ninazozijua leo nilizipata kwake, juu ya boksi lililogeuzwa meza.

Tuje kwenye chumvi yenyewe. Tatizo langu halikuwa Kiingereza tu, bali Kiswahili pia kilinisukuma kwenye shimo. Sisi tuna chumvi zetu katika maneno, na zinafanya kazi tofauti kabisa.

Mtu akisimulia jambo akalikuza, akafanya samaki wa ratili mbili kuwa wa ratili ishirini, tunasema ametia chumvi. Kwa maneno mengine amepiga chuku. Akizidisha mno, watu husema ameongeza na ndimu na pilipili. Kwa hiyo katika Kiswahili chumvi hutiwa na msemaji, na huufanya uongo ukolee. Katika Kiingereza chumvi hutiwa na msikilizaji, na humsaidia asidanganyike. Kitu ni kile kile kimoja, jikoni ni humo humo, lakini mkono unaoshika kopo la chumvi si mmoja. Ndiyo maana Mswahili akisikia chumvi imetajwa pamoja na habari, akili yake haiendi kwenye tahadhari. Huenda kwenye utamu.

Halafu tuna ile ya heshima. Mtu aliyekula chumvi nyingi ni mtu aliyeishi miaka mingi, ameyaona mengi na anastahili kusikilizwa. Waingereza hawana usemi huo, na ukijaribu kuwatafsiria kwamba babu yako amekula chumvi nyingi watakuuliza habari za shinikizo la damu. Nimejaribu, najua.

Wala si ajabu chumvi ikajaa katika lugha zetu. Watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi za Uvinza, Kigoma, kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi hiyo ilisafiri mbali kuzunguka Ziwa Tanganyika. Kule Katwe, magharibi ya Uganda, wanaivuna ziwani hadi leo. Kitu kinachobebwa mwendo wa siku nyingi kichwani hakikosi kuingia katika methali.

Ya Waingereza nayo ilitoka mbali, na hadithi yake inapendeza. Inaanzia kwa mfalme mmoja aliyeitwa Mithridates wa 6, aliyetawala Pontus, nchi iliyokuwa pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, katika Uturuki ya leo. Mfalme huyu alipigana na Warumi miaka mingi, na jambo aliloliogopa kuliko mapanga ya Warumi ni sumu ya jamaa zake. Husimuliwa kwamba alikuwa akinywa sumu kidogo kidogo ili mwili wake uizoee. Alifariki mwaka 63 kabla ya Kristo baada ya kushindwa na jemadari Pompey, na waandishi wa kale wanasema kwamba alipotaka kujiua kwa sumu, sumu ilikataa, ikabidi auawe kwa upanga.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, Mrumi aitwaye Pliny Mkubwa, ambaye alifariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika vitabu 37 vya elimu ya viumbe na mambo ya dunia. Katika kimojawapo anaeleza kwamba Pompey alikuta katika hazina ya siri ya mfalme yule karatasi ya dawa ya kuzuia sumu, iliyoandikwa kwa mkono wa mfalme mwenyewe. Dawa ilikuwa hivi: kokwa mbili kavu, tini mbili, na majani 20 ya mmea mmoja mchungu wa dawa, vyote vitwangwe pamoja, halafu itiwe punje ya chumvi. Atakayeila asubuhi kabla ya kufungua kinywa, hakuna sumu itakayomdhuru siku hiyo.

Pliny alikuwa akitoa maelezo ya dawa tu. Wasomi wa Ulaya waliokuja baadaye ndio walioichukua ile punje ya chumvi ya Kilatini wakaifanya usemi: kama chumvi inasaidia kumeza dawa ya sumu, basi habari yenye mashaka nayo imezwe na chumvi. Wapo wanaosema chanzo ni chepesi zaidi, kwamba chakula kibaya hupita kooni kikitiwa chumvi. Kwa vyovyote vile, katika maandishi ya Kiingereza usemi huu umo tangu karne ya 17, na kwanza ulisemwa "grain", yaani punje. Wamarekani wamebaki na punje yao hadi leo. Waingereza baadaye walianza kusema "pinch", kile kiasi cha ncha za vidole. Kwa hiyo ndugu zetu wa Minneapolis na Houston wakisikia "grain of salt", wajue ni chumvi ile ile, na hatari ni ile ile.

Hapa niweke neno moja pembeni. Wengi wamesikia kwamba askari wa Kirumi walilipwa mshahara wa chumvi, na kwamba ndiyo sababu mshahara kwa Kiingereza unaitwa "salary". Ni kweli kwamba neno hilo linatokana na neno la Kilatini lenye chumvi ndani yake. Lakini kwamba askari walipanga foleni wakapimiwa chumvi, hakuna maandishi ya zama zile yanayoonyesha hivyo. Hadithi ya chumvi nayo inahitaji chumvi.

Wenzetu walio nchi nyingine za Ulaya watazikuta jamaa za usemi huu. Waholanzi wanayo punje ya chumvi, na Waswidi wanayo chumvi ya vidole viwili sawasawa na Waingereza. Wafaransa wao, kama wanavyojua ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi, husema habari ya mashaka ishikwe kwa koleo. Ukinuliza mimi, Mfaransa amesema wazi zaidi. Koleo hakuna atakayelidhania kiungo cha mchuzi.

Sasa tuangalie jinsi ya kuutumia, maana kuuelewa ni nusu ya kazi.

Kwanza, hutumika juu ya maneno: habari, ahadi, uvumi, takwimu, utabiri wa hali ya hewa, maoni ya wapiga kura yanayokusanywa kabla ya uchaguzi. Hutasikia mtu akisema amchukue fulani na chumvi, bali aichukue kauli ya fulani. Ukitaka kusema kuwa mtu mwenyewe si wa kuaminika kabisa, huo usemi ni mdogo mno. Chumvi haimaanishi uongo mtupu. Inamaanisha kwamba humo ndani huenda kuna ukweli, lakini kipimo chake hakijulikani.

Pili, ukubwa wa chumvi hubadilika kulingana na ukubwa wa shaka. Akisema "a large pinch", shaka ni kubwa. Wengine hufika hadi ndoo nzima, na hapo ujue mwenzako anakwambia usiamini hata kidogo.

Tatu, na hili ndilo lililoniangusha, sikiliza yale maneno madogo ya mwanzo. "I'd take that" ikisimama peke yake ni kukubali. Ikifuatwa na chumvi ni kukataa kwa adabu. Mwingereza anaweka uamuzi wake mwishoni mwa sentensi, kama mtu anayeweka mzigo mzito chini taratibu ili usipige kelele. Sisi tuliozoea mtu mzima kukemea waziwazi, "Achana na huyo, tapeli!", tunakuwa tumeshaondoka kabla mzigo haujafika chini.

Nne, usimwambie mtu usoni kwamba maneno yake unayachukua na chumvi. Hapo adabu yote inatoka na linakuwa tusi. Husemwa kuhusu mtu asiyekuwapo, au kuhusu karatasi, gazeti, tangazo. Isipokuwa ni marafiki wanaotaniana, lakini utani wa Waingereza ni somo lingine.

Inafaa pia kukumbuka kwamba hawa Waingereza wanaotuonya kwa chumvi nao humeza mambo makavu. Tarehe 1 Aprili 1957, kipindi cha Panorama cha televisheni ya BBC kilionyesha familia ya Uswisi ikivuna tambi kutoka mtini, nyuzi ndefu zikining'inia matawini kama maharage. Ulikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga, lakini msemaji alikuwa Richard Dimbleby, mtangazaji aliyeheshimika nchi nzima. Tambi wakati huo hazikuwa chakula cha kawaida hapa, na watu wakapiga simu BBC kuuliza mti huo wa tambi unapandwaje. Chumvi husahaulika upesi pale msemaji anapokuwa na sauti nzito na suti nzuri. Wakili wangu naye alikuwa na suti.

Lakini nisingependa msomaji aondoke hapa akidhani kila penye chumvi pana hekima. Dada mmoja wa kwetu, jina nimhifadhie, alikuwa akifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku moja wakati wa kupokezana zamu aliambiwa na aliyemtangulia kwamba bibi wa chumba fulani analalamika kila siku, mara mguu, mara mgongo, kwa hiyo malalamiko yake yapokelewe "with a pinch of salt". Dada yule, kinyume na mimi, usemi aliujua vizuri. Usiku ule bibi akasema kifua kinambana. Wenzake wawili wakacheka kwamba ndiyo kawaida yake.

"Nilijiuliza," aliniambia dada yule, "mama yangu angekuwa kule Korogwe akasema kifua kinambana, ningetaka mtu atie chumvi?"

Akapiga 999. Gari la wagonjwa lilipofika, wauguzi walimchukua bibi moja kwa moja hospitali, na ilikuwa moyo kweli. Alirudi baada ya wiki tatu akiwa hai, na malalamiko yake ya mguu yako pale pale. Dada yule anasema kwamba tangu hapo akiambiwa chumvi katika kupokezana zamu huuliza papo hapo: chumvi kwa sababu gani, umempima? Wengine humwona mkorofi. Mimi naona ameuelewa usemi huu kuliko wenyewe, kwa sababu kuchukua neno na chumvi hakujapata kuwa na maana ya kulitupa. Ni kulishika na kwenda kulihakikisha.

Zipo chumvi nyingine za Kiingereza ambazo mtu asizichanganye na hii. Ukisikia mtu anaitwa "salt of the earth", hiyo ni sifa njema: mtu mwema, mnyoofu, asiye na makuu. Wasomaji Wakristo wataitambua mara moja, maana Injili ya Mathayo nayo ina chumvi ya dunia. Kutia chumvi kwenye kidonda ni kama kwetu, hakuna haja ya kueleza. Na mfanyakazi anayestahili chumvi yake ni yule anayestahili ujira anaolipwa. Meneja akikwambia hivyo, usianze kuwa na wasiwasi kama rafiki yangu mmoja aliyedhani anatuhumiwa kuiba kwenye kantini.

Nirudi kwa Wakili, maana najua wapo wanaoisoma makala hii wakiwa na bahasha ya fedha mfukoni. Viza yangu niliokoa siku tisa kabla ya kumalizika, kwa msaada wa bure wa kituo kimoja cha ushauri wa sheria ambacho nilikuwa nikipita mlangoni kwake kila siku nikienda chuoni. Hakukuwa na utaratibu wowote wa siri. Kulikuwa na fomu ya kawaida ya kuomba kuongezewa muda wa masomo, nikaijaza, nikaongezewa.

Na kumbe sheria ilikuwapo. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1999 iliweka kwamba mtu hawezi kufanya biashara ya kutoa ushauri wa uhamiaji Uingereza bila kusajiliwa, isipokuwa wale waliokwisha kuwa chini ya vyombo vya taaluma zao kama mawakili halisi. Anayevunja anatenda kosa la jinai. Ofisi inayowasajili ilijulikana miaka mingi kwa kifupi cha OISC, na tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority. Orodha ya waliosajiliwa iko kwenye intaneti, kuitazama ni bure, na unaweza kutafuta kwa jina la mtu au mji. Wakili halisi wa England na Wales naye ana orodha yake, ya Solicitors Regulation Authority. Dakika tano zinatosha. Kama jina halimo, na mwenyewe anakwambia jina lake liko njiani linakuja, nadhani sasa unajua la kufanya na bahasha yako.

Yule mama wa Kiingereza alistaafu miaka mingi iliyopita, na bado tunatumiana kadi kila Desemba. Mzee wa Tanga ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu.

Binti yangu amezaliwa hapa hapa, ana miaka 11, na Kiswahili chake ni cha simu, yaani kile anachozungumza na bibi yake. Jumapili iliyopita nilikuwa nikimsimulia mama yangu, simu ikiwa juu ya meza na sauti imefunguliwa, jinsi theluji ya mwaka ule ilivyofika kiunoni. Bibi akacheka sana upande wa pili. "Mjukuu wangu, baba yako huyo anatia chumvi."

Mtoto akanigeukia, akanitazama kwa makini.

"Baba, bibi anasema nisikuamini?"

Nikamwambia ndiyo, lakini si kwa sababu anayoidhani. Akaniuliza sababu ipi basi. Ilibidi nianze tena kwa Mithridates, na mama yangu kule Tanga salio la simu likamwishia kabla sijafika Roma.